Uzi maalumu: Kukarabati plastiki za ndani zilizovunjika kwenye magari ya zamani, kwa mfano wa Peugeot 504

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Sisi wenye magari ya zamani huzungumza sana kuhusu injini, kabureta na kutu, lakini plastiki za ndani hatuzigusi, ilhali ndizo zinazoadimika kuliko spea nyingine yoyote. Mimi nina Peugeot 504 ya petroli. Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na likashinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, kisha toleo lake la kupe lenye injini ya V6 likashinda tena mwaka 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Wenye umri wao nchini Kenya wataikumbuka zaidi ile steshenwagoni iliyobeba abiria wa masafa marefu. Kwa kuwa modeli hii iliendelea kuunganishwa Kenya miaka mingi baada ya Wafaransa kuacha kuunda saluni yake mwaka 1983, ukizunguka Kirinyaga Road, mtaa wa maduka ya spea jijini Nairobi, kwa subira bado utapata gasketi, bushi na hata pistoni. Ganda la plastiki linalofunika shina la usukani, mdomo wa tundu la hewa, au mfuniko wa kisanduku kilicho mbele ya abiria, hivyo hutavipata vipya, na ukivipata kwenye gari lililokufa vitakuwa vimekaa juani miaka ileile ambayo vya kwako vimekaa.

Kwa sababu hiyo ninashikilia kwamba kipande cha asili kilichovunjika hakipaswi kutupwa hata kikiwa katika vipande vinne, na kwamba karibu kila kipande kinaweza kurudi kazini endapo mwenye gari atatambua kwanza kimetengenezwa kwa plastiki ya aina gani. Wengi wetu tunaanzia dukani, tunanunua gundi inayosifiwa, kisha tunailaumu inapoachia baada ya mwezi. Kazi hii inaanzia kwenye kipande chenyewe.

Tutazame kwanza kwa nini plastiki hizi huvunjika. Sehemu nyingi ngumu za ndani hutengenezwa kwa ABS, aina ya plastiki ngumu ambayo ndani yake mna chembechembe za mpira wa butadieni zinazoipa uwezo wa kupokea mshtuko bila kupasuka. Mpira huo ndio unaoshambuliwa kwanza na joto, hewa na miale ya jua, hivyo kipande hubaki na umbo lake lakini hupoteza ustahimilivu, na siku unapokaza skrubu kidogo tu kinatoa mlio na kupasuka. Ngozi laini ya juu ya dashibodi kwa kawaida ni PVC iliyochanganywa na vilainishi, na vilainishi hivyo huhama polepole kwa miaka mingi. Ule utando wa mafuta unaojitokeza upande wa ndani wa kioo cha mbele huchangiwa navyo. Ngozi ikishapoteza vilainishi husinyaa, na kwa kuwa imeshikwa kingo zote, haina pa kwenda isipokuwa kupasuka. Utafiti uliofanywa huko Tempe, Arizona, na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba dashibodi ya gari lililoachwa juani kwa saa moja siku ya joto kali hufikia wastani wa nyuzi joto 69 za Selsiasi. Sisi wa nyanda za juu tuna jambo la ziada, kwa maana miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na vioo vya kawaida vya milangoni hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo.

Sasa tuje kwenye kutambua aina. Magari ya miaka ya karibuni yana alama nyuma ya kila kipande, kama vile >ABS< au >PP<, lakini magari ya miaka ya 1970 mengi hayana alama hiyo, kwa hiyo tunapima wenyewe. Kata unyoya mdogo wa plastiki sehemu isiyoonekana, uuweke kwenye maji matupu yenye tone la sabuni ili viputo vya hewa visiudanganye. Polipropilini (ndiyo hiyo PP) na polithini huelea, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. ABS huzama taratibu, na PVC huzama upesi. Kisha chukua pamba iliyolowa asetoni kidogo, uiguse sehemu ya nyuma ya kipande. ABS italainika na kunata kidoleni ndani ya sekunde chache, ilhali polipropilini haitaonyesha dalili yoyote. Majaribio haya mawili yananitosha karibu kila mara. Wapo wanaochoma unyoya ule na kunusa moshi, ambapo polipropilini hunuka kama mshumaa uliozimwa na ABS hutoa masizi meusi mengi, lakini mimi siwashauri wengine kuanzia hapo, kwa kuwa PVC inapoungua hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu.

Ganda la shina la usukani kwenye gari langu lilijibu kama ABS. Tatizo lake lilikuwa moja ya vishina vya skrubu, yaani kile kijiti chenye tundu ambamo skrubu huingia. Fundi fulani wa zamani aliingiza skrubu nene kuliko ile ya asili, na kuanzia mdomo wa tundu hadi kwenye ubavu wa ganda ulikuwepo mstari mweupe, mwembamba kama unywele. Weupe huo ni plastiki iliyovutwa kupita uwezo wake ikaanza kuachana kwa ndani, na ufa halisi huwa umekwenda mbele kidogo kuliko jicho linavyoona. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta mwisho wa ufa kwa kukunja kipande taratibu chini ya mwanga wa pembeni, kisha kutoboa hapo tundu la milimita 2 kwa drili inayozunguka polepole. Ufa hutembea kwa sababu ncha yake ni kali na hukusanya nguvu zote mahali pamoja. Tundu la duara huzitawanya nguvu hizo.

Kabla ya gundi yoyote ni lazima kusafisha, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Dashibodi zetu zimepakwa mafuta ya kung'arisha yenye silikoni kwa miongo kadhaa, na silikoni haikubali gundi wala rangi kushika. Osha kipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwa kutumia mswaki, suuza, rudia, kikauke kabisa, kisha pangusa kwa spiriti safi. Usitumie petroli wala thina, kwa sababu ABS iliyozeeka ikiguswa na vimiminika hivyo huweza kupata nyufa ndogondogo mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Anza kusugua kwa msasa baada ya kuosha tu, maana ukianza na msasa utayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo.

Kwa ABS, njia ninayoipenda kuliko zote ni kuunganisha plastiki kwa plastiki. Unakusanya chembe za ABS, unazitia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, unamimina asetoni kiasi cha kuzifunika, na unaacha hadi kesho yake zigeuke uji mzito. Chembe unaweza kuzipata kwenye kava la kibodi ya kompyuta mbovu lenye alama ya ABS, na hata matofali ya kuchezea ya Lego hutengenezwa kwa ABS tangu mwaka 1963. Hakikisha umesoma alama, kwa sababu kava nyingi za televisheni ni za polistirini, ambayo nayo hulainika kwenye asetoni lakini haina nguvu ile ile. Asetoni iwe safi, ya duka la kemikali au la rangi, kwa kuwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi huwa na maji na manukato. Fanya kazi mahali penye hewa na mbali na moto, kwani mvuke wake huwaka haraka sana.

Upande wa nyuma wa ufa unachongwa mfereji wenye umbo la V hadi karibu nusu ya unene wa kipande. Asetoni tupu hupakwa kwanza kwa brashi nyembamba ili kuta za mfereji zilainike, vipande vinabanwa pamoja kwa utepe upande wa mbele, kisha uji unajazwa kwa tabaka nyembamba. Juu yake mimi hulaza kipande cha wavu wa chuma laini, hata ule wa madirisha wa kuzuia mbu unafaa, na kuufunika kwa tabaka nyingine. Baada ya hapo subiri. Juu patakauka ndani ya saa chache, lakini asetoni iliyo ndani huchukua siku kadhaa kutoka, na ukisugua mapema mahali pale patazama baadaye na kuacha bonde litakaloonekana chini ya rangi.

Kishina chenyewe nilikijenga upya kwa epoksi. Skrubu ya asili ilipakwa vaselini nyembamba, ikasimamishwa katikati ya tundu lililopanuliwa, epoksi ikajazwa kuizunguka, na nje kikavishwa kipande kifupi cha bomba la plastiki gumu ili nguvu ya skrubu isikipasue tena. Epoksi ilipokauka kwa siku nzima skrubu ilizungushwa ikatoka, na nyuma yake zikabaki hesi zake kamili.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji kutoka Tanga

Ahsante sana, mkuu, kwa maelezo ya kina. Mafundi wengi huku kwetu hutumia supagluu na soda ya kuokea. Wanamwaga unga kwenye ufa, wanadondosha gundi, na papo hapo panakuwa pagumu kama jiwe. Je, njia hii unaipinga?

Mleta uzi

Ndugu, siipingi kwa ujumla, ila ninaiwekea mipaka. Soda ya kuokea huharakisha kuganda kwa supagluu, ndiyo maana unasikia joto na hata kuona moshi mdogo unapodondosha. Kinachopatikana ni kigumu kweli, lakini hakina mnyumbuliko, na ABS inayokizunguka hutanuka na kusinyaa kila siku kwa joto la jua. Ugumu usiolingana namna hiyo huleta ufa mpya pembeni mwa kiraka. Mvuke wa supagluu pia huacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi, na ukungu huo hausuguliki kirahisi bila kuharibu mikunjo ya uso wa kipande. Mimi huitumia supagluu bila unga, matone machache, kushikiza vipande katika mkao sahihi kabla sijaanza kuunganisha kwa nyuma. Hapo inasaidia sana, hasa kipande kikiwa kimevunjika mara nyingi na mikono haitoshi.

Mchangiaji kutoka Nakuru

Mzee wangu, mimi nina Datsun 160J, ndugu wa yale magari ambayo Shekhar Mehta alishinda nayo Safari mfululizo kuanzia mwaka 1979 hadi 1982. Mfuko wa mlangoni umepasuka, unyoya wake umeelea kwenye maji, na asetoni haiufanyi kitu. Nimejaribu epoksi ya chapa ya Araldite, ikabanduka nzima kama ganda la yai. Nifanye nini?

Mleta uzi

Hongera kwa kulitunza gari hilo, mkuu. Plastiki inayoelea na kukataa asetoni ni jamii ya polipropilini au polithini, na uso wake hauna mahali pa gundi za kawaida kushika. Epoksi uliyotumia haikuwa mbovu, ilikosa pa kung'ang'ania. Njia ya kuaminika ni kuyeyusha plastiki ya aina ileile. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 160 hadi 165, wakati chuma cha kulehemu cha fundi redio kisicho na kidhibiti kinaweza kupita 300, kwa hiyo tumia chenye nguvu ndogo na usikiache mahali pamoja. Kata vijiti kutoka kwenye chombo chenye alama ya PP, uvijaribu kwanza kwa kuyeyusha kidogo nyuma ya mfuko: kikipoa kisha ukashindwa kukibandua kwa ukucha, umepata kinachofanana. Polithini na polipropilini zote huelea lakini hazishikani vizuri zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo usiruke jaribio hili.

Baada ya hapo chonga mfereji kwa nyuma kama nilivyoeleza, zamisha wavu wa chuma kwa ncha ya moto hadi ukaribie kupotea ndani ya plastiki, na ufunike kwa plastiki ya kile kijiti. Ukiona plastiki inabadilika rangi kuwa kahawia, umezidisha joto na pale hapatakuwa na nguvu. Kwangua uanze upya. Na kwa kuwa asubuhi za Nakuru ni za baridi, usifungue klipu za mlango saa hizo. Plastiki kuukuu ikiwa baridi huvunjika kirahisi zaidi. Egesha gari juani hadi mchana, au pasha eneo la klipu kwa kikausha nywele, ndipo uingize kabari ya plastiki au ya mbao taratibu, ukifuata klipu moja hadi nyingine. Nusu ya mivunjiko tunayorekebisha ilitokea wakati wa kufungua.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Wakuu, mimi nina shauri tofauti. Kwa nini mtu ajisumbue hivi wakati siku hizi kuna mashine za kuchapa vitu vya plastiki kwa umbo kamili? Mtu anapima kipande, anakichora kwenye kompyuta, anakichapa.

Mleta uzi

Mkuu, teknolojia hiyo ninaiheshimu na kwa kipande kilichopotea kabisa ndiyo mkombozi. Angalia tu malighafi. Mashine nyingi hutumia PLA, ambayo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na tumeona kwamba dashibodi hupita hapo ndani ya saa moja ya jua kali. Kipande kitajikunja siku ya kwanza utakapoegesha gari karibu na bahari. Mwombe mchapaji atumie ASA, ambayo hustahimili joto la karibu nyuzi 100 na imeundwa kuvumilia jua, au walau ABS, na umweleze kipande kinakaa wapi kwenye gari. Uso wa kilichochapwa pia huwa na mistari, hauna ile mikunjo inayofanana na ngozi, kwa hiyo hata hapo kazi ya mikono bado ipo. Kwangu mimi, klipu zilizojificha na mabano ya nyuma ndiyo mahali pake hasa; uso unaoonekana ninauacha uwe wa kiwandani maadamu vipande vyake vipo.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Samahani mkuu, na ule ufa wa juu ya dashibodi je? Wangu umeanzia karibu na tundu la kupulizia kioo cha mbele na kingo zake zimekunjuka kuelekea juu. Fundi wa viti ananiambia afunike yote kwa rekseni.

Mleta uzi

Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, ndugu yangu, na ninakiri kwamba ndio mgumu kuliko yote. Pale kuna ngozi ya PVC juu ya sponji ya poliurethani. Zile kingo zilizokunjuka haziwezi kulazwa, kwa sababu ngozi imesinyaa na haitoshi tena kufunika nafasi yake. Zinakatwa kwa wembe kwa mteremko hadi mahali ambapo ngozi imelala sawa, sponji inashushwa milimita chache, kisha panajazwa kijazio chenye mnyumbuliko kilichotengenezwa kwa ajili ya PVC au poliurethani. Usikubali fundi wa bodi ajaze ile filla ya poliesta anayotumia kwenye mabati. Itapendeza siku anayokukabidhi gari, na jua la Desemba litakapoitanua ngozi huku filla ikikataa kutanuka, ufa utarudi kandokando ya kiraka pande zote mbili.

Kuhusu mikunjo ya uso, chukua silikoni ya kutengenezea kalibu, uipake mahali pazima pa dashibodi ileile, iache iwe ngumu, uibandue. Utakuwa na muhuri wa mikunjo ya gari lako. Tabaka la mwisho la kijazio likiwa bado bichi, gandamiza muhuri huo juu yake. Rekseni siikatai kwa gari la kazi. Kwa gari ambalo unatarajia siku moja kulipeleka kwenye Africa Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, mashindano ambayo yamekuwepo tangu mwaka 1970, mimi ningehangaika na ngozi ya asili kwanza, kwa sababu rekseni ikishagundishwa juu yake haitoki bila kuondoka na kila kitu kilicho chini.

Mchangiaji kutoka Tanga

Swali la mwisho kutoka kwangu, mkuu. Rangi ipi, na nirudishe kipande baada ya muda gani?

Mleta uzi

Tumia rangi ya vinili na plastiki yenye mnyumbuliko, si ile ya bodi, na kwa polipropilini tanguliza dawa maalumu ya kushikisha rangi, la sivyo itabanduka kwa ukucha. Piga tabaka nyembamba sana, kwani rangi nzito huziba mikunjo. Plastiki nyeusi za zama hizo hazikuwa nyeusi tii wala hazikung'aa, kwa hiyo linganisha na upande wa ndani wa kipande ambao haujawahi kuona jua, na upake kipande kizima kuanzia pembe hadi pembe badala ya kiraka peke yake.

Kipande kikae siku kadhaa mahali pakavu kabla ya kurudishwa. Siku ya kukirudisha chomoa waya wa betri kwanza, maana nyuma ya ganda la usukani kuna nyaya za taa na honi ambazo kava zake nazo zimezeeka. Rudisha skrubu zote kwa mkono bila kuzikaza, zungusha usukani na chezesha swichi kuona kama hakuna kinachogusa, kisha kaza kwa zamu, robo mzunguko kila moja, na uishie pale bisibisi inapoanza kukataa.